Kakejiku ya kumpelekea mzee Tanga: soma jina kwanza, bei baadaye

Dada yangu uliyeko Osaka, swali lako nimelisoma mara mbili na nimefurahi umeuliza kabla hujatoa hela, maana wengi wananitafuta wakishafika nyumbani na kitu kishaanza kufanya mawimbi ukutani. Nalifupisha kwa wenzetu: dada ni wa Tanga, yuko Japani kwa kozi ya miezi mitatu, anarudi mwisho wa mwezi wa kumi na moja na anataka kumpelekea baba yake kakejiku, ile picha au maandishi ya Kijapani ya kutundika ukutani, ukimaliza unaikunja kama mkeka na kuiweka kwenye boksi lake. Ana yen 20,000. Kaona tatu: moja mpya kwenye duka la watalii njia ya kupandia hekalu la Kiyomizu-dera hapa Kyoto, yen 6,800, moja kuukuu ina mikunjo kwa babu mmoja pale soko la hekalu la Toji, 5,000, na moja duka la vitu vya kale, 45,000, ambayo muuzaji kamwambia ni ya mchoraji mkubwa sana ila "kwako rafiki" anaweza kushusha. Anauliza achukue ipi, na je, hewa ya Tanga haitaimaliza?

Mimi si mchoraji. Niko kwenye karakana ya hyogu hapa Kyoto, huu mwaka wa tisa, kazi yetu ni kuzivalisha picha na maandishi karatasi na vitambaa mpaka ziwe kakejiku, na zile zilizochoka kuzivua na kuzivalisha upya. Kwa hiyo jibu langu litaegemea huko nyuma ya picha, ambako mnunuzi huwa haangalii.

Kwa kifupi: ya 45,000 achana nayo, ya 6,800 ni kalenda (ntakueleza), na ya yule babu ndo ya kuirudia, ila usilipe kabla hujajua imeandikwa nini.

Hilo la kuandikwa nini ndo kubwa, na wewe mtu wa pwani halikupi shida kulielewa. Huwezi kumpelekea mama mkwe kanga ambayo hujasoma jina lake. Pindo linaweza kuwa limetulia, mji umejaa maua, rangi zinawaka, afu chini pameandikwa fumbo la kumsuta mtu, si balaa hilo? Kakejiku ni vilevile. Wenyewe hawaitundiki tu kwa kuwa inapendeza, wanaitundika kwa ajili ya siku fulani, mgeni fulani, msimu fulani. Kwenye chumba cha chai mgeni akiingia kitu cha kwanza anakwenda mbele ya tokonoma, ile sehemu ya ukuta iliyoingia ndani kidogo, anapiga magoti, anainama, anaisoma kakejiku iliyopo, kabla hata hajaangalia birika wala kikombe, kwa sababu pale ndipo mwenyeji kaweka neno alilotaka kumwambia siku hiyo.

Mimi ya kwanza niliinunua mwaka wangu wa kwanza, yen 3,000, herufi sita nene nyeusi zimeshuka kutoka juu mpaka chini kama maji ya bomba, nikasema hii ndo Japani yenyewe. Nikaitundika juu ya meza ya kulia. Wiki mbili nakula wali naiangalia. Siku moja mama mwenye nyumba kaja na karatasi ya bili, kasimama mlangoni, macho ukutani, kaniuliza kwa sauti ya chini nimefiwa na nani. Kumbe ni Namu Amida Butsu, dua ya Kibudha ya kumwita Budha Amida, ambayo watu wengi huku wanaitundika kwenye shughuli za msiba na kumbukumbu za marehemu. Nilijisikia kama mtu aliyevaa sanda kwenda harusini.

Kwa hiyo shika hili: ukiona maandishi yanaanza juu kabisa na herufi hizi mbili 南無, hiyo ni dua ya Kibudha, na masokoni ziko nyingi kwa sababu watoto wanafunga nyumba za wazee wao na hawajui wazipeleke wapi. Vilevile picha ya mtu aliyesimama na joho jeupe refu, sura ya upole, mara nyingi ni Kannon, mtakatifu wa Kibudha wa huruma, nayo ni ya ibada. Sisemi ni mbaya, kwa wenyewe ni kitu cha heshima kubwa. Lakini umesema mzee ni mtu wa msikitini alfajiri mpaka isha, sasa umtundikie dua ya dini nyingine sebuleni bila yeye kujua? Hapana. Na kwa mzee wa namna hiyo mimi ningeepuka hata picha ya mtu, ningekwenda kwenye milima na maji, mianzi, au maneno.

Maneno mazuri yapo. Kuna 日日是好日, nichinichi kore kojitsu, "kila siku ni siku njema", asili yake ni mtawa wa Kichina aliyeitwa Yunmen, zaidi ya miaka elfu iliyopita, na watu wa chai wanaipenda mno. Kuna 松樹千年翠, shoju sennen no midori, yaani msonobari una kijani cha miaka elfu, hii wanapenda kuitundika mwaka mpya, ni kumtakia mtu umri. Kwa baba mtu mzima siioni nzuri zaidi ya hiyo. Atasema ni mvinje wa ufukweni, mwache aseme, hajakosea sana.

Na usichukue ya majani mekundu. Najua mwezi wa kumi na moja Kyoto nzima imewaka, madukani kila ukuta una momiji, macho yanadanganyika, ila hiyo ni ya wiki hizo tu, baada ya hapo mwenyewe anaikunja mpaka mwakani. Tanga hakuna atakayekushtaki, lakini kama unataka ikae bila kuona aibu siku akija mgeni anayejua, mwambie muuzaji unataka nenju-gake, ya mwaka mzima. Milima na maji, ile wanayoiita sansui, kwa kawaida iko kundi hilo.

Tuje kwenye ya 6,800. Unazijua zile kalenda za Kichina za mianzi zinazoning'inia kwenye maduka ya vipuri kwetu, zina bahari na mashua? Ile ya Kiyomizu ni binamu yake. Picha imepigwa chapa, ikabandikwa kwenye kitambaa kwa gundi ya moto na mashine, imeisha. Si wizi, mradi wakwambie. Tatizo wanakwambia kwa adabu. Neno unalolitaka ni 肉筆, nikuhitsu, imeandikwa au kuchorwa kwa mkono. 印刷 ni chapa, 複製 ni nakala, na 工芸, kogei, neno zuri kabisa linalosikika kama "kazi ya mikono", kwenye kakejiku mara nyingi maana yake chapa nzuri. Wengine juu ya chapa wanapitisha rangi kidogo kwa brashi afu wanakuonyesha palepale walipopitisha.

Nenda duka la yen mia kanunue kioo cha kukuzia. Ukiweka karibu na picha ukaona vidoti vidogo vya rangi vimepangana kama punje za mtama, mchezo umeisha. Chapa nyingine hazina vidoti, kwa hiyo angalia na wino wenyewe: sogea pembeni taa iipige kwa ubavu, wino wa mkono una mahali umejaa na kuzama kwenye karatasi, kingo zimetambaa kidogo kama chai iliyomwagikia kitambaa, na mahali brashi ilipoanza kukauka unaona njia za nywele, moja moja, nyeupe katikati ya nyeusi. Kwenye chapa vyote hivyo vipo lakini vimelala bapa, weusi mmoja. Muhuri mwekundu pia, wa kweli ni wino mzito wa mafuta, umekaa juu ya karatasi, karibu uushike. Usiushike.

Sasa mgongo wa kakejiku, sehemu yangu. Ule uchoro wenyewe ni kipande kidogo tu, wanauita honshi. Vingine vyote unavyoviona, kitambaa cha juu na chini, nguzo mbili za pembeni, ule ukanda mwembamba wa dhahabu unaogusa picha juu na chini unaoitwa ichimonji, na zile tepe mbili zinazoning'inia kutoka juu, ni nguo aliyovalishwa. Nyuma ya nguo kuna karatasi, tabaka juu ya tabaka, kila moja na kazi yake: karatasi ya Mino inashika picha, zile za Yoshino huko Nara zinaongeza uzito na ulaini. Gundi ni wanga wa ngano, basi. Lakini ya tabaka za nyuma ni wanga uliopikwa wakati wa baridi kali, ukafungiwa kwenye mitungi ukaachwa miaka kama kumi, ukitoka unanuka na nguvu yake ni ndogo sana mpaka unajiuliza unagandisha nini. Udhaifu huo ndo unaotakiwa, unaifanya kakejiku ibaki laini, inakunjika na kukunjuka bila kupasuka, na baada ya miaka mia fundi mwingine anaweza kuilowanisha, kuivua yote na kuivalisha upya. Kwa sababu gundi ni dhaifu tunapigapiga mgongo kwa brashi nzito, pa pa pa, ili karatasi zishikane, siku za mwanzo mkono haufiki jioni. Ile ya gundi ya moto haivuliki hivyo, ikiharibika imeharibika.

Utajuaje dukani? Omba ikunjuliwe yote mpaka chini, itundikwe, usikubali kuonyeshwa nusu. Simama pembeni uitazame kwa ubavu. Iliyovalishwa vizuri imeshuka wima imetulia kama kanzu iliyopigwa pasi, pembeni hazijipindi kwenda mbele wala nyuma. Afu muombe aikunje wewe ukisikiliza: nzuri inakunjika kimya, ile ya mashine ina mlio wa plastiki na inabishana.

Mikunjo ya ile ya babu isikutishe moja kwa moja. Mistari ya kulala ni kama mikunjo ya uso, imekunjwa na kukunjuliwa miaka sitini utegemee nini. Cha kuangalia ni kama kwenye mstari karatasi imekatika au rangi inabanduka. Wino mtupu na mikunjo, chukua. Rangi nene, nyeupe au kijani, inayodondoka unga ukiikunjua, acha, maana itaendelea kudondoka mpaka Tanga. Madoa ya kahawia machache ni uzee. Vitobo vya wadudu vikiwa pembeni kwenye kitambaa si neno. Harufu ya uvundo, rudisha palepale, kuvu haikai peke yake. Na usinunue mbovu kwa kusema utaitengeneza, kuvalisha upya kwa mkono ni makumi ya maelfu ya yen na kusubiri muda mrefu, unaweza kulipa mara tano ya bei ya kitu chenyewe (najua naiharibia ofisi soko).

Utashangaa kwa nini kitu cha mkono ni 5,000 na chapa ni 6,800. Ni kwa sababu nyumba mpya huku hazina tokonoma, vijana hawana pa kutundikia, wazee wakifariki zinatoka kwa makatoni. Wa kuzitaka ni wachache. Kwa mtu kama wewe huu ndo wakati.

Ile ya mchoraji mkubwa. Kughushi majina huku ni biashara ya zamani kuliko babu zetu. Tani Buncho aliyefariki 1841, Maruyama Okyo aliyefariki 1795, hao walighushiwa hata enzi zao, na sahihi zao zimejaa kila soko. Yokoyama Taikan, yule wa mlima Fuji aliyefariki 1958, chapa zake ziko kila kona. Sijaiona hiyo ya 45,000, lakini ya kweli ya mtu wa kiwango hicho haikai kwenye meza ya duka inamsubiri mpita njia kwa bei hiyo. Na boksi lenye maandishi lisikuchanganye. Boksi ambalo mchoraji mwenyewe kaandika na kusaini linaitwa tomobako na lina thamani yake, ila boksi na kakejiku huwa wanaachana na kuolewa upya, boksi la kweli linaingizwa mtoto wa kambo. Wewe unamtafutia mzee ukumbusho, hutafuti hati ya mirathi. Jina la asiyejulikana na mkono mzuri vinatosha.

Kingine ambacho sisi hasa lazima tukiangalie, na Wazungu wanachukulia mzaha. Chini kuna ule mti wa kuviringishia, na kwenye ncha zake mbili kuna vishikio vinaitwa jikusaki. Vinaweza kuwa mbao, kauri, mfupa, plastiki, na kwenye za zamani vinaweza kuwa zoge, yaani pembe za ndovu. Muuzaji atakutajia zoge kwa fahari, na kuuzwa ndani ya Japani bado kunaruhusiwa. Kuitoa nje bila kibali ni kosa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na kutua nayo Tanzania ni nyara za serikali, hutoki uwanjani kwa kusema ni zawadi ya baba. Kenya walichoma tani 105 za pembe mwaka 2016, unajua zilikuwa zikisubiri soko la wapi, Asia, na Japani kwenye miaka ya sabini na themanini ilikuwa mnunuzi mkubwa. Inauma kidogo kuona ncha ya tembo wetu kwenye mti wa kukunjia picha. Angalia kile kiduara cha mwisho kwa kioo chako: mistari myembamba inayokatana kama nyavu, hiyo ni pembe. Vitundu vidogo vyeusi, ni mfupa. Ukiwa na wasiwasi iache, au mpelekee fundi hyogu abadilishe aweke mbao, ni kazi ndogo.

Tarehe 21 mwezi wa kumi na moja bado utakuwepo, na soko la Toji ni kila tarehe 21, nenda asubuhi na mapema. Ukikosa, tarehe 25 kuna la Kitano Tenmangu. Kupunguziwa omba mara moja tu, kwa upole, bei ikigoma usishindane kama uko soko la Mgandini. Vua pete na saa, shika mti, usishike picha. Ipige picha umtumie mtu yeyote anayesoma Kijapani kabla ya kulipa, mwalimu wako wa kozi anatosha. Na pima boksi: ya upana wa kawaida boksi lake linapita sentimita 60, halitoshei kwenye begi la mkononi la ndege nyingi, kwa hiyo ama utafute nyembamba ama uilaze kwa mshazari kwenye sanduku kubwa katikati ya nguo.

Sasa Tanga. Japani nayo ina unyevu mbaya, mwezi wa sita na wa saba hapa kuta zinatoka jasho, na kakejiku zimeishi. Siri yake ni kwamba hazikai ukutani mwaka mzima. Mwambie mzee aitundike wiki mbili tatu, akiwa na wageni, sikukuu, afu aikunje. Lile boksi la mti wa kiri si urembo, mbao zake zinavimba hewa ikiwa na maji na kujifunga zenyewe, usilitupe kupunguza mzigo, nimeona watu wanalitupa. Aikunje siku kavu, kamwe si siku ya mvua ya masika, maana unyevu ukikunjwa ndani utatoka kuvu. Kaskazi ikivuma, mwezi wa kwanza au wa pili, aitoe ipate hewa kivulini nusu siku. Boksi likae juu ya kabati, si sakafuni, mchwa hawabagui utamaduni. Na gundi ni wanga wa ngano, kwa mende hiyo ni mandazi, kwa hiyo isikae karibu na jikoni. Vidonge vya nondo asivitupie ndani ovyo, vya aina mbili vikikutana vinaweza kuyeyuka na kutia madoa, kuna dawa maalumu ya kakejiku, vipaketi vidogo vinauzwa huku, chukua kimoja.

Ukuta uwe wa ndani, usiwe ule unaopigwa na mvua kwa nje, na jua la dirishani lisiufikie. Na feni. Mama yangu nilimpelekea moja yenye jikusaki za kauri, kaitundika mkabala na feni ya sebuleni, usiku inagonga ukuta, to, to, to, siku ya tatu kanipigia simu anauliza nimemletea kitu gani kisicholala. Kuna vizito vidogo vinaitwa fuchin, vinavalishwa kwenye zile ncha mbili vikitoa vishada chini, kakejiku inatulia, maduka ya vifaa vya hyogu na ya vitu vya chai vinapatikana. Nunua na hivyo.

Kamba yake ya kufungia usiikaze kama ya gunia la mkaa, inaacha alama mpaka ndani ya picha. Ule utepe wa karatasi unaokaa chini ya kamba uuache palepale, na kabla hujaondoka kwa babu muombe akuonyeshe fundo lake polepole, umrekodi kwa simu umpelekee mzee na video.